Kasoro Saba za Picha Nyeupe

Nyinyi mlionizingira nje ya kanisa Jumapili ile mkiuliza, "Mutua, ilikuwaje ukachelewa siku kama ile?" nawajibu hapa mara moja, na baada ya hapa mtu asiniulize tena. Nimeshamsimulia mama, nimemsimulia mjomba Nzioka, nimemsimulia hata kinyozi, na kila nikisimulia hasira inanipanda upya. Habari za tiketi na pasipoti nitaziruka. Hazina utamu, na nyingine sizielewi hadi leo.

Nilichokuwa nakikimbilia mnakijua, lakini acha nikiseme. Mdogo wangu Kioko alitaka kuoa. Baba yetu hayupo, na kwetu wale mbuzi watatu wa ntheo, wa kumfunga binti kwa mumewe mbele ya wazee, hupelekwa na baba, na baba akiwa hayupo hupelekwa na mwana wa kwanza. Mwana wa kwanza ni mimi, na mimi nilikuwa Riyadh mwaka wa tatu, nikiendesha magari ya kafili wangu, yaani tajiri aliyenidhamini, Abu Fahd. Mara mbili siku ilipangwa na mara mbili Abu Fahd akakataa kuniachia. Kwanza mama yake alikuwa wa kupelekwa hospitali kila asubuhi, kisha ikaingia Ramadhani. Wazee wa upande wa binti wakachoka. Wakatuma neno kwamba ni Jumamosi ile, la sivyo Kioko akatafute kwingine.

Riyadh: saa nzima na tochi ya simu

Jumatatu Abu Fahd akaniita sebuleni. Akanyoosha kidole ukutani.

"Mutua, hii inaenda Jeddah kwenye maonyesho. Unaifikisha, unaniletea karatasi ya mapokezi iliyotiwa sahihi, mafi mushkila, hakuna shida, halas. Nakutilia sahihi ya kutoka, unaenda kwenu."

"Inaenda nini, bosi?"

"Picha!"

Nikatazama tena. Wenzangu, miaka miwili nilikuwa nikipita sebule ile nikidhani pale ni mahali ukuta ulipokarabatiwa. Kumbe ni picha, urefu unanizidi, na imechorwa na mama wa Kijapani, Bi Noriko, anayeishi Ufaransa. Rangi yake ni kama maziwa ya unga uliyotia maji mengi. Hakuna mlima, hakuna mtu, hakuna hata ua. Madam, mke wa bosi, aliinunua alipokwenda likizo, na bei yake sikuuliza kwa sababu nilitaka kulala usingizi.

Masharti sasa. Isafiri imelala. Isipigwe na jua. Isiguswe kwa mkono mtupu. Na ubaridi wa gari usizimwe hata dakika moja, toka Riyadh mpaka Jeddah.

Pamoja na masharti kulikuwa na karatasi kutoka kwa watu wa maonyesho. Imechorwa pembe nne, na chini yake mistari mitupu ya kujaza: onyesha kasoro zote zilizopo kabla ya safari. Hapo nikajisikia niko nyumbani. Dereva yeyote aliyefanya kazi Saudia anaijua karatasi hiyo, ila yetu imechorwa gari. Mwaka wangu wa kwanza nilipokea gari bila kulikagua, na mkwaruzo wa mlangoni uliokuwepo kabla sijatua nchi ile ukawa wangu. Tangu hapo mimi gari nalikagua nimepiga magoti. Na picha nikaikagua hivyo hivyo.

Dada Halima, msichana wa Malindi anayefanya kazi za ndani pale, ndiye aliyenishikia tochi ya simu. Saa nzima. Nikaona mstari wa kijivu, mwembamba kama uzi, umepinda kidogo na haukufika ukingoni. Nikaandika. Mikwaruzo mitatu upande wa kulia, wa katikati mfupi. Nikaandika. Kibonde, ambacho hukioni mpaka tochi ije kwa ubavuni. Mahali rangi haikufika na kitambaa kinaonekana. Na kona ya chini kushoto, doa la manjano, dogo kuliko punje ya mchele.

"Hilo liwache, kaka Mutua," Halima akasema.

"Kwa nini?"

"Bizari hiyo. N'nani mwenye mikono ya bizari nyumba hii? Wataniuliza mimi."

Ningesikia, lakini nilikuwa nawaza Jumamosi. Nikaandika: saba, doa la manjano. Halima akazima tochi, akarudi jikoni bila kuniaga. Abu Fahd akatia sahihi chini ya orodha yangu bila kusoma hata neno, kama anavyotia sahihi kila kitu.

Al-Dirah: sanduku

Jumanne asubuhi nikaenda Al-Dirah kwa fundi seremala aliyeagizwa sanduku. Sanduku lilikuwa tayari, isipokuwa kifuniko. Kifuniko kilikuwa tayari, isipokuwa misumari ya parafujo. Akatuma mtu sokoni. Mtu akarudi, adhana ikaadhiniwa, fundi akavuta mlango, akaniambia shwaya shwaya, yaani polepole, nikakaa kizingitini na sanduku lisilo na kifuniko. Alipofungua tena alifunga kazi vizuri, siwezi kumsengenya, ila juu ya kifuniko akaandika kwa rangi nyekundu "JUU" na mshale. Nikamwambia sanduku linasafiri limelala, huo mshale unaelekea mbele ya gari. Akasema sanduku bila mshale si sanduku.

Tukaipakia mchana badala ya alfajiri.

Barabara kuu: pole nyingi

Riyadh mpaka Jeddah ni mwendo wa saa kumi kwa dereva mwenye akili timamu na gari la kawaida. Mimi nilikuwa na gari lisiloruhusiwa kuzimwa. Kituo cha kwanza cha mafuta, mhudumu Mbangladeshi akakataa katakata kutia mafuta injini ikinguruma. Yuko sawa. Bosi naye alisema lisizimwe. Tukabishana kwa Kiarabu ambacho si chake wala si changu. Mwishowe nikalizima, nikatupia sanduku mablanketi mawili, nikasimama nikihesabu sekunde. Tangi lilipofika nusu adhana ikalia, mhudumu akafunga pampu, akaenda zake. Nusu tangi! Nikawasha injini ili kumpoza huyo mfalme, na hiyo nusu ikaanza kuliwa pale pale.

Mbele sana, kwenye kituo cha kupumzikia, nikasimama nile. Nikaacha injini ikinguruma, milango nimefunga, nikaagiza ful ya maharage na mkate wa tamis. Mzee mmoja mwenye ngamia kwenye lori akawa ananitazama, kisha analitazama gari. Akaja.

"Mwanangu, ndani kuna nini?"

Nikasema sanduku.

"Na ubaridi?"

Nikasema lazima, lisipate joto.

Mzee akafumba macho. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Kabla sijameza tonge, mkono wangu ulikuwa umeshikwa na watu wanane mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ananiombea ujira na subira. Nimempeleka Abu Fahd kwenye misiba mingi, maneno ya kutoa pole nayajua. Nikasema hakuna maiti. Wakatikisa vichwa kwa huruma. Mzee akaamuru, ful yangu ikaondolewa, ikaja sinia ya wali na mbuzi, na nilipotaka kuinuka akanikalisha kwa bega. Mfiwa hasafiri na njaa. Kila nikisema ni picha, nyama inaongezwa upande wangu.

Nilipoona jua linashuka, uvumilivu ukaniisha. Nikawapeleka wote kwenye gari, nikachukua bisibisi, nikafungua kifuniko. Wakainama.

"Iko wapi?" mmoja akauliza.

"Ndiyo hiyo."

"Imefutika?"

"Haikufutika. Iko hivyo."

Mzee akaniuliza kwa upole kama bosi wangu aliitoa fedha mfukoni mwake mwenyewe. Nikasema ni mkewe. Basi wakanipa mkono upya, wote wanane, safari hii pole ni za kumpelekea Abu Fahd. Mzee akanifungia nyama iliyobaki kwenye karatasi. Watu wema kabisa, na walinilia saa tatu nzima.

Taif: kuzunguka

Jumatano nilitakiwa niwe nimeshafika. Kule Taif ukungu ulikuwa umefunika mteremko na magari yamezuiwa kutwa nzima. Nililala kwenye usukani, nikiamka kila mara kutazama mafuta. Ukungu ulipoondoka Alhamisi alfajiri nikaifuata ramani ya simu, na ramani ya simu haijui dini ya mtu. Ikanipeleka moja kwa moja barabara ya Makka. Askari akachukua ikama yangu, kile kibali cha kukaa nchini, akaisoma, akanitazama.

"Si Muislamu."

"Naenda Jeddah tu, sadik."

"Jeddah barabara ile. Yalla, rudi."

Barabara ile ni ya sisi tusioruhusiwa kupita mji mtakatifu, nayo inazunguka. Ningeijua kama ningekuwa na akili zangu, maana nimeipita mara nne nikiwa na Abu Fahd amelala nyuma. Nikarudi, nikazunguka. Joto la chini likanipokea kama mvuke wa sufuria, na kipoza hewa kikaanza kutoa sauti ya kikohozi. Nikazima redio. Nikamwomba Mungu kwa Kikamba, kwa sababu hasira zangu Kiswahili hakizitoshi.

Kioko akanipigia simu. Hakuniuliza niko wapi.

"Wazee wanasema mjomba Nzioka anaweza kusimama badala yako," akasema.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimekupigia tu."

Simu ikakatika, sijui ni mtandao au ni yeye.

Jeddah: karani na orodha

Nilifika Alhamisi asubuhi na gari likikohoa. Kwenye jumba la maonyesho nikapokewa na karani mmoja, Ustadh Ramzi, mtu wa suti ya kumbana. Akafungua sanduku mwenyewe kwa glavu nyeupe. Picha ikatoka salama, nyeupe vile vile. Nikavuta pumzi. Kisha akachukua karatasi yangu akaanza kusoma, na uso wake ukawa mweupe kuliko picha.

"Kasoro saba! Umeifanya nini?"

"Sikuifanya kitu. Niliandika."

"Kwa nini uliandika?"

"Karatasi imesema niandike."

"Mikwaruzo mitatu! Mstari uliopinda! Hii picha ni ya kimataifa!"

"Ilikuwa nayo kwa bosi. Tazama, katia sahihi."

Hapo ndipo nilipogundua nimejifunga kamba mwenyewe. Ramzi hakujua kama mstari ni picha au ni uharibifu. Mimi sikujua. Abu Fahd hajui hadi kesho. Tulisimama mbele ya kile kitu kama watu wawili wanaotafuta sindano, na Ramzi akaapa kwamba hatatia sahihi mpaka mchoraji mwenyewe aseme. Mchoraji alikuwa Jeddah kweli, kaja kwa maonyesho. Ila alikuwa bandarini tangu asubuhi kutoa masanduku yake mengine, na simu hapokei.

"Basi nitamngoja," nikasema.

"Jana alirudi jioni," Ramzi akasema. "Kesho Ijumaa tumefunga."

Kesho Ijumaa! Ijumaa jioni ndiyo niwe kwenye ndege. Nikachukua orodha yangu nikaondoka, Ramzi akipiga kelele nyuma yangu.

Bandari ya Jeddah: Bi Noriko

Getini huingii bila kibali. Malori yamepanga foleni hadi macho yanachoka. Nikamwona mlinzi mwenye sura ya nyumbani, nikamsalimia kwa Kiswahili, na Mungu ni mwema, mtu wa Kakamega.

"Mama Mjapani? Yule mdogo wa kubeba makaratasi?" akacheka. "Ako ndani tangu saa mbili, buda. Wanamuuliza hizo picha ni za nini, anawaambia si za kitu. Sasa wanataka kujua mbona anaingiza makasha ya hakuna kitu."

"Nimngoje hapa?"

"Ngoja tu. Lazima apite kwangu. Na simama kivulini, utaanguka."

Akatoka karibu saa nane, mama wa miaka sitini na kitu, amevaa abaya iliyomzidi urefu na ameipandisha kwa mkono mmoja kama mtu anayevuka matope. Alikuwa amekasirika kuliko mimi, na kwa mara ya kwanza safari nzima nikajisikia nina mwenzangu. Nikajitambulisha kwa Kiingereza: dereva wa Abu Fahd, nimeleta picha, hawataki kuipokea. Nikampa orodha.

Akaisoma amesimama juani. Akaisoma tena kuanzia juu.

"Nani aliandika?"

"Mimi, mama."

"Namba tano, hiki kibonde. Ulikionaje?"

"Kwa tochi, kutoka ubavuni. Kama bodi ya gari iliyopigwa na kunyooshwa."

Akanitazama. "Watu wananunua picha zangu. Wanazipenda. Wengine wanaandika vitabu. Hicho kibonde hakuna aliyewahi kuniambia amekiona." Akaendelea kusoma, kisha kidole chake kikasimama. "Lakini mimi nilifanya sita."

Nikajua ya saba ni ipi.

Tukarudi naye jumbani. Akapiga magoti kwenye kona ya chini kushoto akiwa na kioo cha kukuza. Ramzi akashika ukuta. Mama akainuka.

"Hii ni nini?"

Ningeweza kusema sijui, na isingekuwa mara ya kwanza dereva kutojua. Orodha ilikuwa na sahihi ya Abu Fahd, mimi nilikuwa nimeshajikinga. Aliyebaki bila kinga ni Halima, na ni mimi niliyemvua. Niliona haya, nawaambia kweli, haya ambayo sikuwa nimeiona barabara nzima kwa sababu nilikuwa na kazi ya kulalamika. Nikamwambia mama yote. Ni bizari. Kuna dada anafanya kazi ndani ya nyumba ile, anapangusa vumbi, anapika, na pengine alipita hapo na kidole. Aliniomba nisiandike, nikaandika, kwa sababu nilitaka kwenda nyumbani. Bosi akiona mchoraji amesema sita, ya saba ataitafutia mtu wa kubeba lawama.

Bi Noriko akapiga magoti tena. Akaitazama ile kona muda wa mtu kunywa chai, Ramzi akianza kusema na kunyamaza. Kisha akaomba kalamu, akaandika chini ya orodha yangu kwa herufi kubwa, kwa Kiingereza, hata Abu Fahd asome: Zote saba ni zangu. Hakuna kasoro. Akatia sahihi. Ramzi akatia yake kabla wino haujakauka.

Nikanyoosha mkono. Hakunipa.

"Hii karatasi naitaka," akasema. "Niitundike karibu na picha."

Jamani! Nikamwambia mama, hata ukitaka viatu vyangu nitakuvulia, lakini karatasi hiyo ndiyo itakayonitoa nchi hii. Nikamweleza Kioko, mbuzi, Jumamosi. Akauliza mbuzi wangapi. Nikasema watatu. Akaelewa, akasema basi atachukua nakala. Mashine ya Ramzi ilikuwa imeharibika. Duka la nakala la jirani lilikuwa limefungwa kwa swala. Tukakaa kizingitini sisi watatu, mchoraji, karani na mimi, na nilikuwa nimefika mahali pa kucheka badala ya kulia. Duka lilipofunguliwa mama akapata nakala yake, na mimi karatasi yangu.

Wengine mnaniuliza kama sasa naipenda ile picha. Siipendi. Lakini mkinifumba macho nitawaonyesha kila kitu kilipo.

Kurudi

Njia ya kurudi niliendesha nikiwa nimezima ubaridi na kufungua vioo vyote, kwa raha zangu. Ijumaa mchana nilimkuta Abu Fahd anakula. Akasoma mwandiko wa mama, akasema, "Saba? Mbona mimi sikuwahi kuiona hata moja?" Akatia sahihi ya kutoka. Halima alikuwa anaondoa vyombo. Nikamwambia kwa Kiswahili, pale pale mbele ya bosi, kwamba doa lake limepata mwenyewe na mimi naomba radhi. Akasema, "Nenda, kaka, usije ukachelewa bure." Lakini alitabasamu.

Ndege ilichelewa. Nairobi barabara ya Machakos ilikuwa na msongamano. Sitawachosha, hayo mnayajua. Nilifika kwa wakwe saa tisa na nusu ya Jumamosi, na ahadi ilikuwa saa tatu asubuhi. Njiani nilikuwa nimeshakubali moyoni kwamba mjomba Nzioka amesimama mahali pangu, mbuzi wamepokelewa, na mimi nitakuja kula tu kama mgeni mwingine yeyote.

Gari lililonibeba likapinda kona, nikamwona Kioko. Alikuwa ameketi kwenye nyasi nje ya lango, na suti yake mpya, na kamba za mbuzi watatu zimezungushwa kwenye mkono wake. Tangu saa tatu. Mjomba Nzioka alikuwa ndani na wazee. Walikuwa wametoka mara mbili kumwita aingie, mara ya pili kwa ukali, na mara zote mbili amewaambia kwamba kaka yake yuko njiani. Baba wa binti alimwambia Nzioka, "Kijana huyu ana kichwa kigumu, ila binti yangu hatamwacha."

Nikashuka. Kioko akasimama, akajipangusa nyasi.

"Umechelewa," akasema.

"Nimechelewa."

"Shika huyu mweusi. Amenisumbua siku nzima."

Nililia pale pale barabarani na kamba ya mbuzi mkononi, na sioni aibu kulisema. Kioko akaningoja nimalize. Halafu tukabisha hodi.